Rangi Niliyowafundisha kwa Simu

Nikiletewa maziwa ya zafarani kwenye shughuli, siyanywi mara moja. Nayanyanyua kwanza, nayaelekeza kwenye mwanga, nayatazama. Walio karibu nami hudhani natafuta nzi. Waacheni wadhani. Nimefundisha kemia miaka mingi katika skuli moja ya sekondari hapa mjini Unguja, na rangi ile ya zafarani inapoanza kutoka ndani ya maziwa imenilisha, imenifedhehesha, na mwisho wake imeniliza kwa furaha. Sasa nimestaafu na nina nafasi ya kusema. Nyinyi vijana mnaoingia darasani kufundisha, simu mkono huu na chaki mkono ule, ndio ninaotaka mnisikilize.

Kila ninapokutana na walimu wapya swali ni lile lile: Bi Zuwena, mwanafunzi anafaulu kemia zaidi akifundishwa kwa mtandao au akikaa darasani? Wengine huliuliza huku wakitaraji niitukane simu, kwa kuwa mimi ni mzee. Siitukani. Simu ilinipa mwanafunzi ambaye darasa lilikuwa limenificha, kisha karibu nimharibie mtihani wake kwa simu hiyo hiyo. Nitakusimulieni, lakini lazima nianze na Mzee Vuai, maana bila yeye hamtaelewa nilikosea nini.

Nilipoanza kazi nilikuwa na cheti kizuri na mikono mibaya. Mzee Vuai alikuwa mtunza maabara, mtu wa Makunduchi, sikio moja halisikii vizuri, na skuli hakufika mbali. Siku yangu ya kwanza akaniambia, "Mwalimu, wanafunzi hawaingii humu mpaka ufanye mwenyewe mara tatu." Nilikasirika. Mimi na diploma yangu nipimwe na mtu anayeosha chupa! Nikafanya mara tatu, nikapata majibu matatu mbalimbali. Hakucheka. Alinimiminia tena asidi kwenye bureti akaenda zake kuosha chupa.

Kwa msiopitia kemia, kazi yenyewe ni hii. Kwenye chupa unatia maji ya magadi, na matone mawili ya dawa inayoyafanya yawe manjano. Juu yake umefunga bureti, bomba refu la kioo lenye vipimo na kifungulio chini, na ndani yake mna asidi. Unaidondosha asidi huku ukitikisa chupa, mpaka ile asidi na yale magadi yalingane nguvu. Wakati huo manjano hugeuka, na hapo unafunga, unasoma umetumia asidi kiasi gani. Ukichelewa kwa matone mawili matatu, maji yanakuwa mekundu, na jibu lako limeharibika. Hakuna kurudisha tone kwenye bureti.

Mimi nilikuwa nikisubiri wekundu, maana wekundu unaonekana na kila mtu. Mzee Vuai ndiye aliyenionesha. Aliweka kigae cheupe chini ya chupa, akanivuta hadi dirishani, akasema, "Si manjano ya bizari. Si wekundu wa achari. Zafarani inapoanza kutoka kwenye maziwa, basi. Funga." Nilifunga. Akaitia mfuniko chupa ile akaiweka pembeni ya meza, akanambia kila nikifanya niitazame ile kwanza. Mpaka leo sijaona kitabu kilichonifundisha vizuri kuliko chupa ile.

Na hiyo mipira na mabomba mnayovutia maji kwenye pipeti, kile kibomba cha kioo cha kupimia, siku hizi, sisi tulivuta kwa mdomo. Ramadhani moja nilivuta kwa haraka, maji ya magadi yakanifika kooni. Swali langu la kwanza halikuwa la afya. Nilimgeukia Mzee Vuai nikamuuliza kama saumu yangu bado ipo. Akasema, "Mie si shehe, mie mtunza maabara. Tema kwanza." Kesho yake alikuja na bomba la sindano lililounganishwa na kipande cha mpira, akalichomeka kwenye pipeti, akavuta. Darasa zima lilifunga kwa amani mwezi ule. Kila Ramadhani ikiingia namwombea dua, na haki yake ni zaidi ya hiyo.

Haya, tuje kwenye simu. Skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa na darasa la kidato cha nne linalongojea mtihani wa taifa. Nilikuwa sijui kutuma hata picha. Wifi yangu Rukia, ambaye tunakaa nyumba moja huku Mji Mkongwe, ndiye aliyenifundisha kuunda kundi la darasa na kurekodi sauti. Nikawa natuma somo fupi fupi, kisha maswali. Siku za mwanzo nilijisikia mjinga, nikizungumza peke yangu jikoni kama niliyepagawa. Baadaye nikaanza kupenda.

Nilipenda kwa sababu ya Mwatima. Huyu alikuwa mtoto wa Matemwe, mama yake mkulima wa mwani, na wakati wa masomo alikaa kwa mama yake mdogo Jang'ombe. Miaka mitatu nilimfundisha, na ningeulizwa anafananaje na sauti yake, nisingejua. Alikaa nyuma, akaandika, akaondoka. Skuli zilipofungwa akarudi kwao, na simu ya nyumba ilikuwa ya mama, kioo kimepasuka. Maji ya bahari yakitoka, mama anakwenda kwenye mwani na simu yake kaifunga kwenye mfuko wa plastiki. Maji yakijaa, mama anarudi na Mwatima anapata somo. Kwa hiyo maswali yake yalinifikia kwa kufuata maji, leo asubuhi, wiki ijayo alasiri. Na maswali gani! "Shikamoo Mwalimu. Samahani, nimesikiliza mara nne pale uliposema asidi inatoa haidrojeni. Sijafahamu inampa nani." Darasani sikumruhusu mtu anisikilize mara nne. Darasani mwenye haya husikia mara moja, na likimpita limempita.

Siku moja niliwaambia watafute bizari ya jikoni, wachanganye na maji kidogo, watie chokaa, kisha wakamulie ndimu. Nilidhani wachache watafanya. Mwatima alituma sauti, nyuma yake mzee anafoka: "Mwalimu, imekuwa nyekundu kama damu! Na ndimu imeirejesha manjano! Lakini bibi kanambia nimemwibia chokaa yake ya tambuu." Nilicheka mpaka Rukia akaja kutazama. Somo lile la bizari na chokaa lilikuwa bora kuliko yote niliyoyatuma, na mtanielewa baadaye kwa nini.

Kutokana na furaha hiyo nikavimba kichwa. Nikajiambia, Zuwena, sasa wafundishe lile la bureti. Nikapata ruhusa ya skuli, nikaichukua bureti moja nikaifunga kwenye khanga, nikatembea nayo hadi nyumbani kama nimebeba mtoto mchanga. Nikaifunga kwenye rafu ya vyombo. Jiko letu dirisha lake linatazama uchochoro, kwa hiyo taa inawaka mchana kutwa, taa ya rangi ya manjano. Rukia akashika simu. Mimi nikawa natikisa chupa na kueleza.

Zafarani ikatoka. Niliiona. Nikasema, "Haya, imefika."

Rukia akasema, "Imefika wapi? Mie sioni kitu. Manjano tu hiyo. Tia tena."

Nikatazama kwenye simu. Kweli, kwenye simu haikuonekana. Nikatia.

"Bado, wifi. Tia, usifanye uchoyo."

Nikatia tena.

"Haa! Sasa nshaona! Hapo hapo!"

Nikatangaza mbele ya simu, kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Mkiiona rangi hii, fungeni." Maji yalikuwa mekundu. Kigae cheupe sikuweka, chupa ya mfano sikuweka. Nilikumbuka kumwambia Rukia asiioneshe sufuria ya mchuzi, lakini Mzee Vuai sikumkumbuka hata kidogo. Wanafunzi wakaipenda video ile, wakaipeleka kwa ndugu zao wa skuli nyingine, na walimu wengine wakaiomba. Nikajiona mtu wa maana.

Skuli zilipofunguliwa niliwapa jaribio la nadharia. Waliokuwa na simu, hata ya kuazima, waliandika vizuri kuliko nilivyozoea kuona. Wasiopata simu walikuwa nyuma na walionekana wazi, na hilo liliniuma, ila hao niliwajua na nikawaweka kando kuwafundisha upya. Mwatima aliongoza darasa. Nikarudi nyumbani siku hiyo nikamwambia Rukia kwamba mtandao umenishinda mimi na chaki zangu.

Maabara tulichelewa kuingia, mtihani ukawa umekaribia. Kila mtu na bureti yake. Mimi nilikuwa nimefanya mara tatu kabla, kama nilivyofundishwa, na jibu langu lilikuwa mililita ishirini na tano za asidi. Wakaanza kunisomea majibu yao. Ishirini na sita. Ishirini na sita na kitu. Ishirini na sita. Meza nzima, darasa zima, kosa moja.

Wanangu, mwalimu akiona darasa zima limekosa sawasawa, hufikiri jambo moja tu. Nilipiga meza. Niliwaambia wamenakiliana, kwamba simu imewafanya wavivu, wamezoea kunyoosha kidole na kupelekeana majibu. Nikawasimamisha wote. Niliyasema maneno ambayo sitayaandika hapa, maana baadhi yao sasa wana watoto.

Mkono ukanyanyuka nyuma. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, Mwatima alinyanyua mkono.

"Sema."

"Mwalimu, hatukunakiliana." Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu, na ndio kwanza niliiunganisha na uso. "Sote tumefika pale ulipofika wewe."

"Nilipofika mimi wapi?"

"Kwenye video. Itazame, Mwalimu."

Wanafunzi hawaruhusiwi simu skuli, lakini mimi nilikuwa nayo mkobani. Niliitoa nikaenda dirishani. Nikatazama maji mekundu ya jikoni kwangu, nikatazama chupa zao mezani. Rangi ni moja.  Wale watoto walinitii kuliko nilivyostahiki, nami nimewaita wezi. Niligeuka nikawaomba radhi, wakiwa bado wamesimama, na nikawaomba wakae. Mmoja alisema, "Hapana neno, Mwalimu," kwa upole ambao ulinizidishia aibu.

Mtihani wa vitendo ulikuwa umebaki wiki tatu. Mnafikiri wiki tatu zatosha kubadilisha rangi kichwani mwa mtu? Hata mimi nilidhani hivyo. Niliweka vigae vyeupe, nikapanga chupa tatu zenye mifuniko kwenye kila meza, ya manjano, ya zafarani na ya wekundu. Waliokuwa wameitazama video mara moja walirudi kwenye njia kwa siku mbili tu. Na wale wasiokuwa na simu, niliokuwa nikiwahurumia, walishika haraka kuliko wote, maana hawakuwa na cha kusahau. Aliyenishinda ni Mwatima. Alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko wote, maji yakijaa na simu ikirudi, tena na tena, mpaka ule wekundu ukamkaa. Mkono wake ulikataa kufunga. Anaiona zafarani, ananambia "naiona, Mwalimu," na tone linadondoka.

Na yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Mjomba wake alikwisha kumtafutia kazi ya kutandika vitanda kwenye hoteli kule kwao. Mama ndiye aliyezuia. Alikuja skuli kuniona, mikono yake imechunwa na kamba za mwani, akanambia, "Bi Zuwena, mjomba wake nimemwambia asubiri matokeo. Akipata sayansi ataendelea kidato cha tano. Asipopata, mie sina tena la kumwambia kaka yangu." Halafu akanishukuru kwa masomo ya simu. Alinishukuru!  Nilikwenda chooni nikanawa uso.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilirekodi video nyingine, maabara, dirishani, kigae cheupe chini, chupa ya mfano pembeni. Nikasema jina langu. Nikasema, "Ile rangi niliyokuoneshani kwanza si yenyewe. Kosa ni langu. Aliyeipeleka ile kwa mwenzake, ampelekee na hii." Rukia aliniambia nisitaje jina, watanicheka. Nikamwambia jina nililitaja nilipokuwa najisifu. Mwalimu mmoja wa shamba alinijibu, "Ahsante Bi Zuwena, sisi huku tulidhani magadi yetu mabovu." Sijui ile ya kwanza ilifika mpaka wapi. Huenda kuna mtu mpaka leo anaitumia, na hilo bado linanisumbua.

La pili lilikuwa la Mwatima peke yake. Nilikumbuka kwamba somo lake alilolishika bila kuyumba lilikuwa la bizari na chokaa ya bibi yake, kwa sababu alilifanya kwa mkono wake na kwa macho yake, na mimi sikuwepo kumwambia aone nini. Basi nikamwondolea chupa zote za mfano. Nikamketisha dirishani baada ya sala ya alasiri, nikampa bureti, nikamwambia, "Leo mimi sijui jibu. Sikupima. Wewe utanambia mimi imefika lini." Nilisema kweli, kwani magadi niliyapima kwa kijiko cha chai. Nikageuka nikampa mgongo.

Siku ya kwanza alipitiliza. Ya pili akapitiliza. Siku ya nne nikasikia kifungulio kimelia kidogo, halafu kimya. "Hapa," akasema. Sikutazama. Nikamwambia afanye tena, na tena. Mara tatu ikawa jibu moja. Ndipo nilipogeuka, na kwenye kigae kulikuwa na chupa tatu za zafarani.

Siku ya mtihani mwalimu wa somo haingii. Nilikaa barazani, tasbihi mkononi, nikijifanya nasoma gazeti. Wakatoka mmoja mmoja. Mwatima alipita mbele yangu, wasimamizi wapo, hakuruhusiwa kusema mengi wala mimi kuuliza. Alisema neno moja tu, "Zafarani," akaenda zake. Matokeo yalipotoka, mama yake alinipigia kwa ile simu yenye kioo kilichopasuka, na tulilia pamoja kwa furaha, yeye kwenye mwani na mimi jikoni.

Kwa hiyo mkiniuliza mtandao au darasa, jibu langu ndilo hilo lote. Simu iliwapa subira ambayo mimi sikuwa nayo, na ilimpa ulimi mtoto mwenye haya. Lakini macho ya simu si macho ya mtu. Tumeni masomo yenu, tumeni yasikilizwe mara nne, ila msimwoneshe mtoto mwisho wa jambo kwa kioo mkadhani ameuona. Na mkikosea, itumeni video ya pili kwa majina yenu.

Mwezi uliopita nilialikwa Matemwe. Mwatima amemaliza kidato cha sita, na sasa anajitolea kufundisha kwenye skuli ya huko huku akingoja chuo. Alinipokea mlangoni, "Shikamoo Mwalimu," na wanafunzi wake wakanishikia mkoba na viatu kama bibi harusi. Maabara yao ni chumba kimoja na bureti nne. Kila bureti ina kigae chini yake. Pipeti inavutwa kwa bomba la sindano lenye mpira, na nilipomuuliza nani aliwaonesha, akasema, "Si ulitusimulia wewe? La Ramadhani." Nikatamani Mzee Vuai asikie, hata kwa sikio lile bovu.

Akaniomba nifanye jaribio moja mbele ya watoto. Sikuwa nimemwambia kuwa nina mtoto wa jicho. Daktari kasema nitafanyiwa upasuaji baadaye mwaka huu, na kwa sasa kila kitu kwangu kina umanjano, kuta, mashuka, hata nyuso. Niliona haya kukataa. Nikashika kifungulio, nikatikisa chupa, nikadondosha. Nikatazama kigae. Manjano. Nikadondosha tena. Manjano. Mimi sijui kama nimeshapita au sijafika.

Nikasema polepole, asikie yeye tu, "Mwatima, mie sioni. Imefika?"

 Alisogea karibu yangu, akainama usawa wa kigae, akatazama kwa namna ambayo mimi nisingeweza kumfundisha.

"Bado, Mwalimu," akasema. "Tone moja."

Nikatia moja, nikafunga.